Uvimbe wa maji ndani ya titi: ekografi ao mamografi?

Mwanamke akigusa titi na kusikia kitu kigumu, mawazo yanakimbilia kansa. Lakini si kila uvimbe ni kansa. Mara nyingi, zaidi kwa wamama wa miaka 35 hadi 50 wenye wangali wanaona mwezi, ni kifuko cha maji tu, chenye waganga wanaita kisti. Kinaweza kuvimba na kuuma mbele ya siku za mwezi, kisha kupungua zikipita.

Shida ni kwamba vidole, hata vya muganga, haviwezi kuhakikisha kama ni kisti ao kansa. Inaomba kipimo. Na kwa sababu familia nyingi zinalipa zenyewe, inafaa makuta ya kwanza yaende kwa kipimo chenye kujibu swali.

Ekografi: ni maji ao nyama?

Ekografi inatumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Hata mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha anaweza kuifanya bila woga. Inaonyesha kama ndani ya uvimbe kuna maji ao nyama. Kisti ya kawaida inaonekana nyeusi kabisa, na ukuta wake ni mwembamba. Kama haiumi, haiombi dawa wala kupasuliwa. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 30, ekografi njo kipimo cha kwanza, na mara nyingi inatosha.

Mbele ya kulipa, uliza kama mashini iko na sonde ya kuangalia viungo vya karibu na ngozi. Ile ya kuangalia mimba haionyeshi titi vizuri.

Mamografi: kuanzia miaka 40

Mamografi ni radio ya titi. Titi linabanwa kidogo kati ya vibao viwili. Inaona chembe ndogo za chokaa zenye ekografi inaweza kukosa, na chembe hizo zinaweza kuwa alama ya kansa. Lakini peke yake haitofautishi maji na nyama. Kwa wasichana, titi bado limejaa nyama nzito, picha inakuwa nyeupe na uvimbe unajificha. Kwa hiyo mwenye miaka 40 na zaidi anafanyiwa mamografi pamoja na ekografi. Kati ya 30 na 39, muganga anachagua ya kuanza nayo.

Eskaneri na IRM ni za bei kali, na si vipimo vya kuanza navyo kwa kutafuta kisti.

Kusoma matokeo

Kwenye karatasi ya matokeo, mara nyingi kunaandikwa ACR na namba. ACR 1 ni titi lisilo na kasoro. ACR 2 ni kitu kisicho kansa, kama kisti ya kawaida. ACR 3 inaomba kurudia kipimo, mara nyingi kisha miezi 6. ACR 4 na 5 zinaomba biopsi, maana yake kutoa kipande kidogo kwa kukipima, bila kuchelewa. Kisti yenye ukuta munene ao nyama ndani inaomba biopsi pia.

Kisti ikiuma sana, muganga anaweza kuvuta maji na sindano. Maji yakiwa na damu, yanapelekwa laboratwari.

Kama mamografi haiko karibu

Mashini za mamografi ni adimu huku mashariki, lakini hiyo si sababu ya kungoja. Anza na ekografi. Ikionyesha nyama yenye mashaka, omba biopsi. Usingojee mpaka upate makuta ya safari.

Damu kutoka kwenye chuchu, chuchu kuingia ndani, ngozi kuwa kama ganda la chungwa, uvimbe wa kwapani: zote zinaomba muganga haraka. Na uvimbe ukiendelea kukomaa hata kama karatasi ilisema hakuna kitu, rudi wakuangalie tena.