Kichomi

Mama wa Msambweni, pwani ya Kenya, akifika kliniki na mtoto mgonjwa husema, "Ana kichomi." Muuguzi huandika nimonia. Wanaelewana, ila maneno hayo mawili hayaanzii mahali pamoja.

Kichomi kimetokana na kuchoma, na si kule kwa moto. Ni kule kwa mwiba au mkuki: ukivuta pumzi, ubavu unadungwa. Basi hili ni neno la mgonjwa anayeweza kusema wapi panamuuma. Mtoto wa miezi 5 hawezi. Kwake muuguzi hufunua kifua, akatazama kama mbavu zinabonyea ndani, kisha akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifika 40, hiyo ni hatari.

Wasababishaji wa kichomi ni wengi. Mmojawapo ni bakteria wa jamii ya streptokoka, jina alilolibuni daktari Theodor Billroth mwaka 1874 kwa Kigiriki: punje zilizosokotwa. Huyu wa mapafu, kwa kweli, hupenda kukaa wawili wawili.

Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi yake mwaka 2011, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust huko Kilifi walifuatilia: kwa watoto wa chini ya miaka 5, maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92.