Masomo Yaliyotoka Nje ya Ua

Mmekwisha kusoma katika kitabu hiki habari za makanisa yetu, za shule na hospitali, na jinsi Vikariati ya Kigoma ilivyoanzishwa mwaka 1946, ikawa Jimbo mwaka 1953. Sisi twataka kuwaeleza habari za mafundisho ya namna nyingine, yasiyo na mnara wala kengele. Ni mafundisho ya watu wazima, na vyuo vilivyowekwa kwa ajili yao, na jinsi masomo yalivyotoka nje ya ua yakawafuata watu vijijini mwao. Nasi tutayatazama tukiwa tumesimama Kagunga, maana huko ndiko tulikoona faida yake na upungufu wake kwa macho yetu.

Asiyepajua Kagunga na ajue ya kuwa ni kijiji cha ufukoni, upande wa kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Burundi. Mbele yake ni ziwa, nyuma yake mlima umesimama kama ukuta. Msafiri hupanda boti Kibirizi, akapita mbele ya msitu wa Gombe, akapita Mwamgongo, boti ikisimama kila mwalo kushusha watu na magunia na madumu ya mawese, hata afikapo jua limekwisha kumchosha. Basi chuo kilichojengwa Kasulu, huko juu Buha, ki mbali sana na mtu wa Kagunga, wala si kwa hesabu ya maili tu. Mvuvi hulala mchana, kwa kuwa usiku huvua dagaa kwa taa. Mkewe naye hushinda mchangani akianika. Ni nani atakayewaacha dagaa juani akaenda kukaa bwenini miezi kadhaa?

Swali hili ni la zamani, tena si letu peke yetu. Huko Denmark palikuwa na mchungaji mmoja, jina lake Grundtvig, aliyewaza kwamba vijana wa wakulima wangefaa kukaa pamoja na kufundishwa pasipo mtihani, kisha wakarudi mashambani kwao wakiwa watu wenye maarifa. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mjini Rødding mwaka 1844, na Sweden wakaifuata mwaka 1868. Nchi yetu ilipopata uhuru, wengi wa watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na tangu mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vingine viliwekwa katika majengo ya vituo vya zamani vya mafunzo ya vijijini. Katika mkoa wetu Kasulu walipata chuo, na Kibondo kadhalika.

Desturi ya vyuo hivyo ilikuwa hii: kijiji chenyewe kimchague mtu wake, mwanamume au mwanamke, aende akajifunze useremala, uashi, kilimo, ushonaji au upishi, kisha arudi kuwafundisha wenziwe. Hakupewa hati ya kumpatia kazi mjini. Wako waliocheka wakisema, Chuo gani hiki kisichotoa karatasi? Nasi hatuwalaumu sana, maana mzazi aliyeuza mbuzi hupenda kuona kitu mkononi mwa mtoto wake. Lakini aliyeweka shabaha ile alijua sababu yake: mwenye karatasi hupanda gari, asiye nayo hurudi kwao. Siku hizi vyuo hivyo vinafundisha pia ufundi wenye mtihani na hati. Tena viko vinavyowapokea wasichana waliokatizwa masomo kwa kupata mimba, nao huja na watoto wao wachanga, wakatunziwa hapo hapo chuoni wakati mama wanaposoma. Jambo hilo la mwisho twalisifu kwa moyo wote.

Hata hivyo, somo lililofika Kagunga mapema kuliko yote halikuletwa na chuo chenye bweni. Lilikuja kwa redio. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili watu walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza kipindi, mmoja akawasomea kitabu, wakazungumza, kisha wakakubaliana kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena. Walijifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa yapata 75,000, na waliohudhuria yapata milioni mbili. Vyoo vilivyochimbwa vilikuwa mamia ya maelfu.

Mzee mmoja wa Kagunga alitusimulia kwamba yeye alikuwa kijana katika kikundi kimojawapo. Redio ilikuwa moja, na betri zake zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo. Walikaa chini ya michikichi. Alituambia hakuyashika maneno ya redio yote, ila alishika moja: wasimamizi hawakuuliza, Mmesikia? Waliuliza, Mmechimba? Naye alitupeleka nyuma ya nyumba yake akatuonyesha mahali shimo la kwanza lilipokuwa, sasa pamepandwa mgomba.

Mwaka 2015 ndipo somo lile lilipojaribiwa. Mwezi wa Aprili fujo ilitokea Burundi, na watu wakaanza kuvuka, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu wakishuka mlima wenye njia nyembamba. Katikati ya Mei watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamelala mchangani Kagunga, katika kijiji cha watu kama elfu kumi hivi. Vyoo vya kijiji vingetosha nini? Walikunywa maji ya ziwa, na ziwa lilipokea yote. Kipindupindu kikaingia, kabla ya mwezi kwisha wagonjwa walikuwa maelfu, na waliokufa yapata thelathini. Meli ya Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ikiwachukua watu mia sita kwa safari moja hadi Kigoma, wakapumzishwa uwanja wa mpira, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Waganga walikuja kwa boti na dawa, na pamoja na dawa wakaleta mafundisho: chemsheni maji, naweni mikono, chimbeni mbali na maji. Sisi makatekista tuliitwa kuyatafsiri kwa Kiha, na Warundi walitusikia pasipo shida, kwa kuwa lugha zetu ni ndugu. Yule mzee alisimama karibu nasi akisikiliza. Akacheka kidogo, akasema kwamba hayo aliyasikia chini ya michikichi miaka arobaini na miwili iliyopita. Kisha akachukua jembe akaenda kuwaonyesha vijana mahali ambapo udongo si mawe matupu, maana Kagunga kupata udongo wa kuchimbika si jambo jepesi.

Jioni alituuliza: Hawa wamekuja na boti kwa sababu ya ugonjwa, je, walimu wa chuo hawawezi kuja na boti pasipo ugonjwa? Tulimwahidi kulifikisha neno lake. Walimu mtakaosoma haya, mkipanga safari ya kuja ufukoni, msipange kwa kalenda ya shule. Njoni mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo taa hazivuti dagaa, wavuvi hawaendi ziwani, mitumbwi iko mchangani, na watu wapo nyumbani.