Pumzi ya Mwenye Riadha

Neno riadha tulilolizoea redioni tumelipokea kwa Waarabu, na katika vitabu vya tiba lina umri mkubwa. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, aliieleza riadha katika Al-Qanun kuwa ni mwendo autakao mtu mwenyewe, unaomlazimisha kuvuta pumzi kubwa mfululizo. Basi asiyehema bado hajaanza. Lakini mwanachuoni huyo aliweka na mpaka: maadamu rangi ya mwili inazidi kupendeza na viungo ni vyepesi, mtu aendelee, dalili hizo zikianza kufifia, aache.

Hayo nimeyasomesha miaka mingi, nisiyafuate. Hapa Turiani, chini ya milima ya Nguru, vijana hukimbia baada ya sala ya alfajiri katika njia za mashamba ya miwa. Wana wa kuwaiga, kwani Mtibwa Sugar ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000. Siku moja nami, na ndevu zangu nyeupe, nikawafuata. Hatukufika mbali mbavu zikanibana, macho yakaingia kiza, nikaketi kando ya miwa. Mmoja wao, niliyemfundisha alifu na be, akarudi mbio.

"Shikamoo Maalim. Mbona hukutuambia twende polepole?"

Sikuwa na pumzi ya kumwitikia marahaba.

Kumbe hicho ndicho kipimo chenyewe. Daktari aliyenipima baadaye alinieleza kwamba zoezi la wastani humwachia mtu uwezo wa kuzungumza, ila si wa kuimba. Anayeweza kuvuta kasida nzima aongeze mwendo. Anayekatikiwa na maneno apunguze. Na anayebanwa na kifua au kushikwa na kizunguzungu asimame papo hapo, atafute tiba.

Wala jambo hili si la wazee peke yao. Filbert Bayi wetu, tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 mjini Moscow alitumia mtindo ule ule katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akawaacha wenzake mbali mno, lakini mzunguko wa mwisho nguvu zikamwishia, na Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akapata medali ya fedha, nayo si haba. Lakini kasi iliyomfaa katika mita 1,500 haikumfikisha mwisho wa mara mbili yake.

Mimi sasa natembea nusu saa, siku tano kwa juma, kabla jua halijawa kali. Yule kijana hunipita akikimbia, hunisalimu, nami namwitikia marahaba kamili na kumuuliza hali ya mama yake.