Mipangilio ni ya nani? Kutoka Mosoriot hadi simu ya Moiben

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo naomba nisimulie historia ya jambo ambalo wengi wetu tunaoandika programu za simu tunalidharau: mipangilio ya programu-jalizi. Programu-jalizi ni vile vipande tunavyochomeka ndani ya programu kubwa ili ifanye kazi mpya, na mipangilio ni zile thamani ndogondogo zinazokiambia kila kipande kifanye nini.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2019 nilitengeneza programu ya Android ya kupokelea maziwa hapa kwetu Moiben. (Watu huijua Moiben kwa ngano na mahindi, lakini ng'ombe nao wapo!) Ilikuwa na vipande vitatu: kimoja kilisoma mizani kwa Bluetooth, kingine kilimtumia mkulima SMS, cha tatu kilipiga hesabu ya malipo. Bei ya lita niliiandika kwenye faili lililokaa ndani ya kipande cha malipo. Siku moja nikasasisha kipande hicho. Sasisho likaja na faili lake, likafunika lile la zamani, na bei ikarudi ya mwaka uliotangulia, pungufu kwa shilingi 4.

Siku 9 zikapita. Mama mmoja aliyeleta lita 12 kila asubuhi ndiye aliyenipigia simu. "Kijana wangu, ng'ombe ni wale wale, maziwa ni yale yale. Hii pesa imepungukia wapi?" Piga hesabu: shilingi 432. Alirudishiwa, yeye na wenzake wote, ila kwa miezi kadhaa baadaye kila mkulima alikuja na daftari lake la kuhakiki simu yangu. Na walikuwa na haki.

Kinachoniuma ni kwamba jibu la tatizo langu lilikuwa limekaa Eldoret, safari ya matatu tu kutoka kwangu, tangu miaka ya 2000.

Ukitoka Eldoret kuelekea Kapsabet utapita Mosoriot. Katika kituo cha afya cha hapo, mwaka 2001, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Mwaka huohuo mradi wa AMPATH ukaanza kutibu watu wenye VVU, na mfumo ukapanuliwa kwa ajili yao. Wagonjwa wakazidi kuongezeka, dawa mpya zikaja, fomu zikabadilika. Katika mfumo wa namna ile, swali jipya la daktari lilikuwa kazi ya mtaalamu wa kompyuta, aende akaguse majedwali.

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief Institute, Indianapolis, walifika Eldoret, wakaona kwamba kuongeza viraka hakutoshi. Wakachora upya. Katika mchoro wao kila swali, kila dawa na kila kipimo ni mstari katika kamusi ya dhana ndani ya hifadhidata. Ukitaka swali jipya unaongeza mstari, msimbo unabaki kama ulivyo. Huo ndio mwanzo wa OpenMRS, programu huria iliyoanza kazi Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, Rwanda, kupitia Partners In Health.

Hapo ndipo utamu unapoanza, wadau. Rwanda si Eldoret. Kila mahali pana mahitaji yake. Kwa hiyo OpenMRS ikajengwa kwa moduli zinazochomekwa, faili lenye mwisho wa omod. Ndani ya kila moduli kuna faili dogo liitwalo config.xml. Humo moduli inajitambulisha kwa jina na toleo, inasema inahitaji OpenMRS ya toleo gani na moduli zipi nyingine, kisha inataja mipangilio yake: jina, maelezo, na thamani ya kuanzia. Kila jina hutangulizwa jina la moduli, ili mbili zisigombanie neno moja.

Sasa angalia sheria hii. Moduli inapowashwa, mfumo unatazama kwenye jedwali la global_property. Jina likiwa halipo, thamani ya kuanzia inaandikwa. Likiwa lipo, haliguswi. Aliyeandika moduli anapendekeza tu. Anayeamua ni aliyeko zahanati. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume kabisa.

Sisemi walipatia yote. Majedwali ya namna hii hujaa takataka. Ukikosea herufi moja katika jina, hakuna kinacholia. Na kuhamisha mipangilio kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa kubonyeza skrini moja moja ni adhabu. Baadaye ilikuja moduli iitwayo Initializer, inayosoma mipangilio kutoka folda ya mafaili na kukumbuka faili lipi halijabadilika ili isilipakie tena.

Upande wa simu, Open Data Kit ilianzishwa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 2008, na wahudumu wa AMPATH waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupima VVU wakahama kutoka vile vikompyuta vya mkononi vilivyoitwa PDA, wakaanza kutumia simu za Android zenye programu hiyo. Fomu hukaa kando ya programu. Siku hizi hata mipangilio ya ODK Collect unaweza kuipakia kwa kupiga picha mraba wa QR. Ndani yake mna yale tu uliyobadilisha. Nayo mUzima, programu ya Android inayofanya kazi na OpenMRS hata pasipo mtandao, hupokea mipangilio yake kutoka kwenye seva: fomu zipi, vikundi vipi vya wagonjwa, vituo vipi.

Nimeiga bila haya. Kipande changu cha malipo sasa hakina bei ndani yake hata kidogo. Kisipoipata kwenye hifadhidata kinakataa kupokea maziwa na kueleza sababu kwa Kiswahili. Mipangilio ya mizani na SMS iko kwenye QR niliyoichapisha na kubandika nyuma ya mlango wa kituo. Bei inabadilishwa na karani pekee, na kila ikibadilika SMS inamfikia kila mkulima kabla ya maziwa ya asubuhi. Yule mama bado anakuja na daftari lake.