Tarehe 17 Januari: siku ya Lumumba, siku ya volkano

Kila mwaka tarehe 17 Januari, ofisi za serikali zinafungwa, watoto hawaendi masomo na jina la Lumumba linasikika kwa redio tangu asubuhi. Kwa kalenda ya nchi, ni siku ya kumkumbuka shujaa wa taifa. Lakini kwa Birere siku hiyo iko na jina lingine. Mzazi aliyekuwa Goma mwaka 2002 akisikia « tarehe 17 », mara nyingi anafikiri kwanza moto wa Nyiragongo. Haya ni mambo makubwa yaliyotokea siku hiyo, na sababu wakaaji wa Birere wanapaswa kuyaeleza watoto wao.

1961: Lumumba anauawa

Patrice Emery Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kule Onalua, Sankuru. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, yeye njo alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza. Hakumaliza hata miezi tatu. Tarehe 5 Septemba 1960, Rais Joseph Kasa-Vubu alitangaza kwa redio kwamba amemuondoa. Mwanzoni mwa Desemba alikamatwa akiwa njiani kuelekea Stanleyville, Kisangani ya leo, akafungwa kwa kambi ya askari ya Thysville, ambayo leo inaitwa Mbanza-Ngungu.

Tarehe 17 Januari 1961 alipandishwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa mikono ya serikali ya Moïse Tshombe iliyokuwa imejitenga na nchi. Usiku uleule wote watatu walipigwa risasi porini, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Habari ilitangazwa tarehe 13 Februari tu, tena kwa uongo: ilisemwa kwamba walitoroka, wanakijiji wakawaua. Maiti ziliyeyushwa kwa asidi. Kilichobaki ni jino, ambalo afisa mmoja wa polisi Mbelgiji alijiwekea. Ubelgiji ililirudisha mwezi wa Juni 2022, likazungushwa katika nchi na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022.

Jioni ileile ya 17 Januari 1961, kule Washington, Rais Eisenhower wa Marekani alikuwa anaaga wananchi wake kwa televisheni. Mwaka 1975, kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza kwamba wakati wa utawala wake shirika la ujasusi CIA lilikuwa limepanga kumuua Lumumba kwa sumu.

1942: Muhammad Ali anazaliwa

Siku Lumumba anauawa, kijana mmoja wa Louisville, Marekani, alikuwa anatimiza miaka 19. Jina lake lilikuwa Cassius Clay, aliyezaliwa tarehe 17 Januari 1942. Dunia ilimjua baadaye kama Muhammad Ali. Medali yake ya dhahabu ya michezo ya Olimpiki aliipata Roma tarehe 5 Septemba 1960, siku ileile Kasa-Vubu alimuondoa Lumumba.

Ali naye aliandika jina lake kwa historia ya nchi yetu. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, kwa uwanja wa 20 Mai ambao leo unaitwa Tata Raphaël, alimuangusha George Foreman kwa raundi ya 8. Watu walikuwa wanapiga kelele kwa Lingala: « Ali, boma ye! », maana yake « Ali, muue! ». Wazee wengi wangali wanasimulia usiku ule.

2002: Nyiragongo inashuka mjini

Siku Ali alitimiza miaka 60, Goma ilikuwa inaungua. Asubuhi ya 17 Januari 2002, ardhi ilipasuka upande wa kusini wa Nyiragongo, na mipasuko ikashuka mpaka karibu na Munigi. Wakati ule mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD-Goma. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikachoma Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na maduka mengi, kisha ikaingia kwa ziwa Kivu. Mji ulikatika vipande viwili.

Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakielekea Sake, na godoro kwa kichwa, mtoto kwa mgongo. Zaidi ya watu 100 000 walibaki bila nyumba. Siku chache baadaye, wakati wengi walikuwa wamesharudi, kituo kimoja cha mafuta kililipuka watu wakichota mafuta, na makumi wakafa. Hao walikuwa wamepona kwa lava yenyewe.

Birere ilijengwa upya juu ya mawe meusi yaleyale. Ndiyo sababu kuchimba choo hapa ni kazi ngumu, na ukuta wa mawe ya volkano unaonekana karibu kila pahali.

1995: Kobe inatetemeka

Tarehe 17 Januari 1995, saa 5:46 ya asubuhi, tetemeko la ardhi lilipiga mji wa Kobe, Japani, na kuua watu zaidi ya 6 400. Kila mwaka, kwa dakika ileile, wakaaji wa Kobe wanakusanyika alfajiri na kuwasha taa. Wazee wanaeleza, vijana waliozaliwa nyuma ya tetemeko wanasikiliza.

Kwa nini Birere ikumbuke

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2002 leo ni mtu mzima, labda na yeye ni mzazi. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilitapika tena, usiku, bila tangazo la mapema. Lava ilisimama Buhene, mlangoni mwa mji. Tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke, kati yake Mapendo, Mikeno, Kahembe na Murara, ambazo watu wengi wanaziita tu Birere. Katika mbio zile watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Kwa hiyo siku ya mapumziko inaweza kutumika. Baba na mama waeleze watoto lava ilipita wapi mwaka 2002. Familia ipatane: tukitengana, tunakutana wapi, kwa nani? Mtoto ajue jina kamili la mzazi na namba ya simu. Ajue pia rangi za alama ya volkano: kijani ni hali ya kawaida, njano ni kukaa macho, machungwa ni kujiandaa, nyekundu ni hatari kubwa. Na lava ikishapita, hakuna mtu asogelee kituo cha mafuta kilichozungukwa na moto.

Lumumba iko na kaburi Kinshasa na siku yake kwa kalenda. Waliokufa na volkano ya Goma hawana siku iliyoandikwa. Kumbukumbu yao inabaki kwa mdomo wa wazee, na wazee hao wanaendelea kupungua.