Sentauri

Sentauri ni magimba madogo ya barafu, mawe na vumbi yanayolizunguka Jua katika eneo la sayari kubwa, kati ya Mshtarii na Neptun. Yamepewa jina la viumbe wa hekaya za Kigiriki, nusu mtu nusu farasi, kwa kuwa yana tabia za asteroidi na za nyotamkia pia.

Chiron, gimba lililofungua orodha hiyo, liligunduliwa mwaka 1977 na Charles Kowal huko Palomar, Marekani. Hulizunguka Jua kwa miaka 50 hivi, na sehemu kubwa ya njia yake iko kati ya Zohali na Uranus. Mwaka 1989 wanaastronomia waliliona limezungukwa na ukungu wa gesi na vumbi, kwa hiyo limesajiliwa mara mbili: asteroidi namba 2060 na nyotamkia 95P.

Asili ya sentauri ni ng'ambo ya Neptun. Yakishaingia katika njia za sayari kubwa, mvutano wa sayari hizo huyayumbisha. Baada ya miaka milioni kadhaa mengi hutupwa nje kabisa ya mfumo wa Jua. Mengine husogea karibu na Jua na kuwa nyotamkia.

Usiku usio na mwezi pale Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, Tanzania, Mshtarii na Zohali huonekana kwa macho matupu zikiwa angani. Sentauri haionekani hata moja. Hata Chariklo, ambalo ni kubwa kuliko yote yanayojulikana, halionekani bila darubini yenye nguvu, ingawa kipenyo chake cha kilomita 250 hivi ni zaidi ya mara tatu ya upana wa Ziwa Nyasa.

Chariklo limefahamika vizuri kwa kivuli chake. Tarehe 3 Juni 2013 lilipita mbele ya nyota, kivuli chake kikaangukia Amerika Kusini, na darubini za huko zikarekodi mwanga wa nyota hiyo ukizimika kwa sekunde chache. Kabla na baada ya hapo mwanga ulififia kidogo, mara mbili kila upande: gimba hilo lina pete mbili, zenye upana wa kilomita 7 na 3 hivi. Mwaka 2017 watafiti waliusubiri tena mpito kama huo nchini Namibia, wakiwa na darubini za kubebeka.

Kivuli cha namna hii huangukia ukanda mwembamba wa Dunia. Kikipangiwa kupita Ruvuma, vyuo vyetu vipeleke darubini, kamera na saa sahihi ufukweni.