Kiraka wa New Orleans

Walioiona filamu ya Moneyball wanamkumbuka Brad Pitt, na si ajabu. Mimi alinikaa kichwani yule kocha anayeombwa athibitishe kwamba kucheza besi ya kwanza ni rahisi, naye anajibu papo hapo kwamba ni kazi ngumu sana. Watu wanacheka, filamu inasonga. Lakini Ron Washington ni mtu wa kweli, na ugumu huo aliujua.

Alizaliwa New Orleans mwaka 1952. Mwaka 1970 aliingia akademia ya Kansas City Royals kule Florida. Royals hawakumpa nafasi ligi kuu. Dodgers walimpa mechi 10 mwaka 1977, halafu akarudi ligi ndogo hadi 1981. Baadaye ikawa Minnesota, Baltimore, Cleveland, Houston. Kwenye soka yetu angeitwa kiraka: leo besi ya pili, kesho ya tatu, keshokutwa benchi. Jumla, mechi 564. Si rekodi ya kubandika ukutani.

Mwenye kipaji cha kuzaliwa mara nyingi hawezi kukueleza anafanyaje. Kiraka anaweza, maana ilibidi ajifunze kila nafasi hatua kwa hatua, la sivyo anaachwa. Akiwa kocha Oakland, kuanzia 1996, Washington aliwapigisha magoti mastaa wa mamilioni, akiwapelekea mipira ya chini taratibu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mikono yenyewe izoee. Kila siku. Inachosha hata kutazama. Eric Chavez wa besi ya tatu, aliyeshinda Gold Glove mara 6 mfululizo, alimkabidhi tuzo mojawapo. Si asante ya mdomo, tuzo yenyewe.

Filamu ilitoka Septemba 2011. Mwezi uliofuata Washington, sasa meneja wa Texas Rangers, alikuwa fainali dhidi ya St. Louis. Bingwa ni wa kwanza kushinda mechi 4. Texas walikuwa na 3. Kwenye mechi ya sita walihitaji mrusho mmoja tu ambao mpigaji angeukosa. David Freese hakuukosa. Mpira ulimpita Nelson Cruz kule nyuma, ikawa sare. Texas wakaongoza tena, wakabakisha mrusho mmoja tena, wakasawazishiwa tena. Walilala 10-9, na ya saba wakapoteza pia. Wengi walimlaumu kwa kutomtoa Cruz aingie mlinzi mahiri zaidi, na mimi niko upande wao. Mwalimu wa ulinzi, bana, kuponzwa na ulinzi!

Texas aliondoka 2014. Atlanta walimchukua 2017 kama kocha wa besi ya tatu, yaani yule wa kando ya mstari anayepunga mkono: wewe kimbia, wewe simama. Kabla ya mechi alikuwa bado na mipira yake, na kina Ozzie Albies na Dansby Swanson wakiwa wamepiga magoti mbele yake. Novemba 2021 Atlanta walitwaa ubingwa. Alikuwa na miaka 69, na ndio ulikuwa wake wa kwanza.